Oda ya mikate 40 ilivyotaka kuniulia mdogo wangu: mambo ya kuzingatia kwa anayepikia wateja kwa jiko la kuni nyumbani

Leo siongelei namna ya kupiga picha za bidhaa wala kujibu wateja inboksi. Naongelea kitu ambacho wengi wetu tunaouza vyakula mtandaoni tunacho uani na hatukioneshi kwenye status: jiko la kuni. Mteja anaona mkate wa kumimina umekaa vizuri kwenye boksi. Haoni moshi, masizi wala pumzi ya mtu aliyeupika.

Mi nipo Tanga. Nauza mikate ya kumimina, maandazi na vitumbua kwa oda za WhatsApp na Instagram. Kwa anayeujua mkate wa kumimina, hahitaji kuambiwa kwamba ule ni kazi ya moto. Unaloweka mchele, unasaga na tui, unatia hamira, sukari na iliki, unaacha uumuke. Ukishaumuka hausubiri mtu. Ukichelewa kuumimina unachacha, na hasara ni yako. Chini unaweka moto wa wastani, juu ya kifuniko unapalia makaa, ndipo mkate unaiva pande zote.

Hiyo haraka ya unga ndiyo iliyotaka kunipa msiba.

Ilivyokuwa

Ilikuwa masika. Nilipokea oda ya mikate 40 ya shughuli, kila mmoja shilingi 4,000. Jumla 160,000, na nusu nilishalipwa kwa simu. Pesa hiyo nilishaigawa: mchele, nazi, hamira, na kilichobaki nikalipa deni. Kwa hiyo hata nikitaka kurudisha, sina.

Jioni unga umeumuka vizuri kabisa, mvua ikashuka. Si manyunyu, mvua yenye upepo. Banda langu la uani lilikuwa na bati tatu kuukuu na halina ukuta upande wa mbele. Maji yakaanza kuingia kwenye jiko. Mdogo wangu akasema, "Dada, tuhamishie ndani makaa, tumalizie stooni." Nikakubali bila kufikiri mara mbili. Tulibeba majiko mawili madogo, tukajaza makaa mekundu kutoka kwenye kuni, tukaingia stoo. Dirisha tukafunga kwa sababu mvua ilikuwa inapiga upande ule. Mlango tukaurudisha ili upepo usizime makaa.

Akilini mwangu nilijiona nimefanya jambo la busara. Nilisema: kuni zina moshi, sitaziingiza ndani. Makaa hayana moshi, hayana shida.

Yeye akabaki stoo anamimina na kupalia, mi nikawa sebuleni nafungasha. Nikienda kuchukua mikate kichwa kinagonga, nikasingizia uchovu. Yeye alisema anasikia kichefuchefu, nikamwambia anywe maji. Mara ya tatu nilipoingia nikamkuta ameegemea ukuta, namuita anajibu vitu visivyoeleweka. Alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia, akaanguka karibu na mlango. Laiti angeangukia upande wa majiko, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Jirani yetu mmoja mama mtu mzima alisikia nikipiga kelele. Hakuuliza kitu. Alifungua mlango wote, tukamvuta hadi barazani kwenye hewa, akanituma nitafute bajaji. Hospitali wakamwekea oksijeni. Alilala pale usiku mmoja. Daktari aliniambia kwa upole tu: "Mmepikia ndani mmefunga?" Nikainamisha kichwa.

Yule mama jirani aliniambia kesho yake, "Mwanangu, mikate inapikwa tena. Huyu ungempika wapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kilichotupiga hakina moshi wala harufu

Tumezoea kusema pafukapo moshi pana moto. Ni kweli, lakini wengi tunageuza maneno hayo vichwani mwetu, tunaona pasipo na moshi hapana hatari. Hapo ndipo tunapokosea.

Kuni au mkaa ukiungua bila hewa ya kutosha unatoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na haiwashi macho. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukamata ile sehemu inayobeba oksijeni, na inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mwili unakosa oksijeni huku unapumua kama kawaida. Makaa mekundu tunayoyaamini ndiyo yanaitoa kwa wingi.

Dalili zake zinafanana na uchovu: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, kuchanganyikiwa. Alama kubwa ni hii: watu wawili au watatu mliopo sehemu moja mnaumwa kichwa kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Hiyo si malaria na si uchovu wa oda. Tokeni nje.

Moshi unaouona nao usiudharau. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, ambayo kwa sehemu kubwa inatokana na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilichangia vifo vya watu takriban milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wengi wa wanaovuta moshi huo ni sisi tunaokaa mekoni na watoto tuliowabeba mgongoni.

Sasa twende kwenye kazi. Haya ndiyo niliyobadilisha.

1. Mahali pa jiko

Jiko la kuni likae nje au kwenye banda lenye hewa inayopita. Matundu yawe pande mbili zinazotazamana, chini hewa iingie, juu moshi utoke. Dirisha moja dogo kwenye chumba kilichofungwa halitoshi.

Kitu chochote kinachoshika moto kiwe mbali angalau mita moja: mapazia, maboksi ya kufungashia, viroba, madumu ya mafuta, rundo la kuni, mtungi wa gesi. Sisi wauzaji wa mtandaoni tuna tabia ya kurundika maboksi na mifuko karibu na jiko ili tufungashe haraka. Acha. Meza ya kufungashia iwe sehemu nyingine kabisa.

Kama una watoto, piga mstari kwa chaki au panga matofali kuzunguka jiko. Ukishaupiga, simamia sheria. Kwangu hata mteja akija kuchukua mzigo havuki mstari.

Jiko la kudumu la udongo au matofali lenye bomba ni zuri kuliko mafiga, kwa sababu moshi unapelekwa juu. Lakini bomba lenyewe linakuwa la moto. Lisiguse makuti, mbao wala turubai. Litokeze juu ya paa, na livishwe kofia mvua isiingie. Mwambie fundi ukweli kwamba utapika kila siku kwa masaa mengi, asikufungie bomba la kupikia chai.

2. Kuni zenyewe

Mti uliokatwa leo, takriban nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji. Ukiutia jikoni, moto unatumika kwanza kuchemsha yale maji, kisha ndiyo uanze kupika chakula chako. Unapata moshi mwingi, joto dogo na mkate ulionuka moshi. Kuni nzuri ya kupikia unyevu wake uwe chini ya asilimia 20.

Kipimo cha mashine wengi hatuna. Tumia hivi:
- Gonga vipande viwili. Kavu hulia kwa mlio mkali, mbichi hulia bubu.
- Angalia mwisho wa ukuni. Kavu ina nyufa, mbichi ni laini na imefunga.
- Ukiichochea jikoni ikatoa povu na kuchuruza maji upande wa pili, ni mbichi.
- Pima kwa mkono. Kavu ni nyepesi kuliko inavyoonekana.

Pasua kuni, usiache magogo. Kipande kilichopasuliwa kinakauka mapema na kinawaka vizuri. Zipange juu ya matofali zisiguse ardhi, funika juu kwa bati na uache pembeni wazi upepo upite. Ukifunika turubai pande zote umezitengenezea mvuke. Na nunua za masika wakati wa kiangazi, bei ni nzuri na zinapata miezi ya kukauka. Mi sasa hivi natumia zaidi mkorosho na mwembe uliopogolewa.

Usichome mbao zilizopakwa rangi au dawa, mabaki ya samani za mbao za kubandikwa gundi, plastiki wala vifuko. Sumu yake inaingia kwako na kwenye chakula cha mteja. Pia usikokee moto kwa matairi au chupa za maji, hata kama umeona wengine wanafanya.

3. Kukoka na kuchochea

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na kwenye jiko la kuni ni hivyohivyo. Vipande viwili vitatu vyembamba vilivyokaribiana, hewa ikipita chini yake, vinawaka kuliko gogo moja kubwa. Anza na vijiti na vifuu vya nazi, kisha kuni nyembamba, halafu za wastani.

Usijaze mdomo wa jiko mpaka ukazibika. Watu wengi wanafikiri kuni nyingi ndiyo moto mwingi. Kumbe ukiziba hewa unapata moshi na ile gesi niliyoitaja. Moto mzuri una ndimi za njano zilizochangamka na moshi kidogo. Ukiona unafuka tu, punguza kuni, usiongeze.

Petroli au mafuta ya taa usimwage kamwe kwenye moto au kwenye makaa unayodhani yamezimika. Mvuke wake unawaka kabla hata hujarudisha mkono.

Nguo: dera linalopepea, kanga inayoburuta, nailoni, vyote mbali na meko. Vaa pamba, funga aproni, mikono ya nguo ikunje. Nywele funga.

Ndoo ya mchanga na ndoo ya maji zikae karibu kila unapokoka. Lakini kama ni karai la mafuta ya maandazi limeshika moto, usimwage maji. Maji yakigusa mafuta ya moto yanalipuka kuwa mvuke na kurusha mafuta yanayowaka. Funika karai kwa mfuniko mkubwa au bati, vuta kuni nje ya jiko ukiweza kufanya hivyo salama, acha lipoe likiwa limefunikwa. Usilibebe kulitoa nje. Ndiyo maana mfuniko wa karai langu unakaa mkono wa kulia, hauendi popote.

Na usiache jiko linawaka ukaenda kujibu inboksi. Mteja akisubiri dakika kumi hafi.

4. Matengenezo

Kila asubuhi, jiko likiwa limepoa, natoa majivu. Yakijaa yanaziba hewa ya chini. Nayaweka kwenye debe la chuma lenye mfuniko, juu ya tofali, nje ya nyumba. Kaa linaweza kukaa hai ndani ya majivu zaidi ya siku nzima. Ukiyatia kwenye kiroba au boksi na kuyaweka barazani, usiku unaweza kuamka na moto.

Kila wiki nakagua nyufa kwenye udongo wa jiko. Ufa unavujisha moshi upande ambao hukuupanga. Naziba kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, naacha ukauke taratibu kabla ya kukoka. Ukiwahi kuwasha, utapasuka tena.

Kila mwezi bomba linasafishwa. Mi napika karibu kila siku, wewe angalia matumizi yako. Ndani ya bomba hujenga masizi na utando mweusi kama lami, hasa ukichoma kuni mbichi. Utando huo unashika moto. Unasafisha jiko likiwa baridi kabisa, kwa brashi ya waya yenye mpini mrefu, umefunga pua na mdomo. Kagua pia kama ndege hawajajenga. Moshi ukianza kurudi ndani bila sababu, usisubiri mwisho wa mwezi, bomba limeziba.

Siku bomba likinguruma kama upepo mkali na kutoa cheche juu, moto umeingia ndani yake. Ziba mdomo wa jiko kama unaweza, toa watu wote nje, piga simu Zimamoto. Namba yao hapa Tanzania ni 114.

5. Jiko liingie kwenye bei na kwenye masharti ya oda

Hapa ndipo wafanyabiashara tunapofeli. Tunapiga hesabu ya mchele, nazi na boksi. Jiko tunalihesabu la bure. Kwa hiyo bati likitoboka hatuna hela ya kulibadilisha, mvua ikinyesha tunaingia stoo.

Niliongeza shilingi 200 kwa kila mkate, nikaiita "mfuko wa jiko", inakaa kwenye laini yake ya simu siigusi. Natoa mikate kama 100 kwa wiki. Hiyo ni 20,000. Wiki kumi ni 200,000. Kwa hela hiyo nilinunua mabati mapya, nikajenga ukuta wa nusu upande unaopiga mvua, na bomba likabadilishwa. Wateja wachache walilalamika kuhusu bei, wengi hata hawakugundua.

Masharti ya oda nayo nimeyabadilisha:
- Oda ya zaidi ya mikate 20 inaletwa siku tatu kabla.
- Napokea idadi ambayo jiko langu linaweza kutoa bila kukesha. Nimeipima kwa saa, siikadirii.
- Advansi siitumii yote mpaka mzigo umefika. Ninabakiza ya kurudisha.
- Kwenye ujumbe wa kuthibitisha oda naandika hivi: "Napikia jiko la nje. Mvua kubwa ikinyesha muda wa mzigo unaweza kubadilika, nitakutaarifu mapema."

Nina pia mtungi mdogo wa gesi kwa siku za mvua, nautumia kwenye hewa vilevile. Mnajua serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mwenye uwezo wa kuhamia, ahamie. Ila najua wengi wetu kesho asubuhi tutakoka kuni, ndiyo maana naandika haya.

6. Ikitokea

Mtu amelegea chumbani penye jiko: fungua milango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa, usikae mle ndani kumuuliza maswali. Kama hapumui na kuna anayejua kumkandamiza kifua, aanze mara moja huku mwingine anatafuta usafiri. Hata akizinduka na kusema yupo sawa, mpeleke hospitali. Mjamzito ndiyo kabisa, kwa sababu na mtoto wa tumboni anakosa oksijeni.

Ameungua: weka sehemu hiyo kwenye maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na bangili mapema kabla hajavimba. Usipake dawa ya meno, yai, asali wala mafuta. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali kama jeraha ni kubwa au lipo usoni, mikononi au sehemu za siri.

Oda ile iliishia wapi?

Usiku ule nikiwa hospitali nilimpigia mteja. Nilikuwa natetemeka, zaidi kwa sababu ya ile 80,000 ambayo sikuwa nayo. Nilimwambia ukweli wote. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Dada, angekufa mtu kwa mikate yangu, shughuli ningeifanyaje?" Alichukua mikate 14 iliyokuwa tayari, iliyobaki nikamrudishia pesa kidogokidogo kwa wiki tatu. Mpaka leo ni mteja wangu.

Kumbe muda wote nilikuwa namuogopa mteja ambaye angenielewa kama ningempigia saa mbili mapema.

Mdogo wangu mzima, bado tunapika wote. Ila mvua ikianza, yeye ndiye wa kwanza kusema, "Dada, tunafunika unga au tunawasha gesi?" Wazo la stoo halipo tena. Unga ukichacha tunamwaga, tunaandika hasara, tunalala.

Kabla hujapokea oda ya leo, nenda kasimame kwenye jiko lako ujiulize: mvua ikinyesha sasa hivi nitapikia wapi? Kama jibu ni ndani, oda hiyo usiichukue.

Tuambie hapo chini: wewe unapikia wapi, na masika unafanyaje? Na mtumie posti hii yule mwenzako wa maandazi, chapati au keki za makaa anayepikia chumbani. Unamjua.